Usimalize kulipa kabla ukuta haujakauka



Kila msimu wa mvua, kuanzia Desemba mpaka Machi, simu yangu inapata swali moja kutoka kwa wenzangu wa masomo: "Mayi imeingia mu nyumba. Unajua batu ba kusafisha? Banaomba ngapi?" Wananiuliza mimi juu nilisoma agronomia pale UNILU, na wanadhani mtu wa udongo lazima ajue matope. Hawakosei sana. Mayi yanayoingia ukutani yanatembea kwa sheria zile zile za shambani. Na hasara kubwa ninayoona katika nyumba hizo mara nyingi haitoki kwa mvua yenyewe. Inatoka kwa wiki zinazofuata, wakati feza imekwisha kulipwa, sakafu inang'aa, na ukuta ungali umeshiba mayi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, tuulizane kwanza: unapolipa mtu aje kusafisha nyumba iliyoingiliwa na mayi, unanunua nini hasa?

Kule Ulaya na Marekani, mwenye nyumba anapigia simu kampuni moja. Wanakuja na pampu, mashine za kunyonya mayi, mashine za kukausha hewa, na kifaa kidogo cha kupima unyevu ndani ya ukuta. Kwa wengine asiransi ndiyo inalipa. Huku kwetu, sheria ya asiransi ya 2015 ilifungua soko ambalo SONAS ilikuwa inashika peke yake, lakini familia ninazozijua hazina asiransi ya nyumba. Unalipa kutoka mfuko wako, na huduma unaikusanya mwenyewe vipande vipande: mwenye motopompi, vijana wa kartiye wenye makoleo na bruweti, fundi wa umeme, gari la kunyonya fosi septiki, masoni. Ama unaita kampuni ya usafi, ile inayozoea kuosha maofisi na kambi za kampuni za madini.

Kampuni ina faida moja ya kweli: kuna mtu mmoja wa kuulizwa kazi ikiharibika. Faida hiyo ipo tu kama kampuni ipo. Angalia kama fakturi yao ina namba ya RCCM, namba ya kitambulisho cha taifa (Id. Nat.) na namba ya kodi. Kama ni karatasi yenye namba ya simu tu, basi umechukua vijana kwa bei ya kampuni. Na vijana siwadharau hata kidogo. Kwa kutoa matope, vijana sita wa avenyi yako wanaweza kufanya vizuri kuliko watu wenye nguo za kazi za rangi moja. Kinachokosekana kwao ni mkubwa wa kazi, na huyo anaweza kuwa wewe mwenyewe, ukijua mambo machache.

La kwanza ni aina ya mayi. Mji wetu umepanuka mpaka ndani ya dembo, yale mabonde yenye majani ambayo wazee waliacha bila kujenga juu yalikuwa yanajaa kila mwaka. Dembo ni sponji ya mto. Ukiigawanya kuwa malupango, ukamwaga sima na kuziba kanivo kwa plastiki, mayi yanarudi kutafuta mahali pake, na sasa mahali pake pana saluni yako. Lakini kwa kusafisha, mayi si kitu kimoja. Mayi ya mvua yaliyopita kwenye malata na kuingia kwa mlango ni kazi nyepesi. Mayi yaliyopita kwenye vyoo na fosi septiki za majirani ni kazi nyingine kabisa, hasa katika mkoa wetu ambako kipindupindu si mgeni. Katika kartiye zilizojengwa karibu karibu, hesabu kwamba mayi yako yamepita chooni, hata kama hayanuki.

Halafu kuna aina ya tatu, na hapa Lubumbashi si mji kama mji mwingine. Tunayeyusha shaba hapa tangu 1911. Udongo ulio upande ambako upepo unapeleka moshi wa kiwanda una shaba, kobalti, risasi na kadimi, na mvua kubwa inasogeza udongo huo. Mwaka 2009, Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa UNILU na wenzake wa Leuven walionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana metali nyingi katika mkojo wao, na watoto wako katika hatari kubwa zaidi. Na mwanzoni mwa Novemba 2025, mayi kutoka bwawa la mabaki la kampuni ya CDM yalimwagika mpaka mitaani, na Waziri wa Madini, Louis Watum Kabamba, alisimamisha kazi za kampuni hiyo kwa miezi 3.

Maana yake kwa nyumba yako ni hii: javeli inaua vijidudu, haiui risasi. Mtu akikuambia "tutaweka javeli, kila kitu kitaisha", anajua nusu ya kazi. Metali zinatoka kwa njia moja tu, nazo ni kutoa matope yote nje yakiwa bado mabichi, kisha kuosha, kisha kuosha tena na mayi safi. Yakikauka, yanageuka vumbi. Mtu anafagia, na watoto wanavuta. Kufagia matope makavu ndani ya nyumba ni jambo ningelikataza katika mkataba, kwa herufi kubwa. Na kama mayi yalikuwa na rangi isiyo ya kawaida, au yaliwasha ngozi na macho, usiingize vijana pekupeku kwa feza kidogo. Piga picha, ondoa watoto, itisha watu wa mazingira na wa zone ya afya kabla ya kugusa kitu. Mboga zilizofunikwa na mayi ya namna hiyo nyuma ya nyumba, lengalenga ama nini, usizile hata ukiziosha.

Kabla mtu yeyote hajaingia, umeme ukatwe kwenye dijonkta kubwa. Kama kuifikia ni lazima usimame ndani ya mayi, usiende. Acha wa SNEL au fundi wakate nje. Angalia pia kuta. Tofali la kuchoma linavumilia, lakini tofali bichi likishiba mayi linapoteza nguvu na linaweza kuanguka siku mbili baadaye, watu wakiwa ndani wanafurahi kwamba mvua imekwisha. Ukiona ufa mpya au ukuta umevimba chini, masoni aje mbele ya wasafishaji. Na motopompi ya esansi inakaa nje, siku zote, ni bomba tu linaloingia. Moshi wake una gazi isiyo na harufu inayoua watu ndani ya chumba, hata kama dirisha liko wazi. Mtu wa pampu akiingiza mashine kwenye korido "juu ya mvua", mtoe.

Sasa bei. Sitakupa bei, juu inabadilika kwa kartiye na kwa sura ya mteja, lakini nitakupa hesabu ya kusimama nayo. Chumba cha mita 4 kwa 5, mayi yamefika sentimita 30: 4 × 5 × 0.3 ni meta kibe 6, yaani lita 6,000, yaani bidoni 300 za lita 20. Kwa ndoo, ni siku nzima ya watu. Kwa motopompi ya inchi 2 inayofanya kazi vizuri, ni chini ya saa moja. Kwa hiyo mtu akitaka umlipe pampu ya siku mbili kwa chumba kimoja, muulize mayi mengine yako wapi. (Kama nje bado kumejaa, ana haki: unavuta, yanarudi. Ngoja yashuke kwanza.) Pampu inaacha sentimita mbili tatu za mwisho, na hizo zinatoka kwa raklete na mikono.

Matope ndiyo kazi ya kweli. Nyumba ya meta kare 60 yenye matope ya sentimita 1 tu ina karibu tani 1 ya kubeba. Hapo ndipo jasho la vijana linapoishia, na hapo usibane bei. Wape buti na glavu. Ukishindwa kununua, azima. Lakini mkubaliane matope yanakwenda wapi. Nimeona watu wanayasukuma kwenye kanivo mbele ya lupango. Mvua inayofuata inayarudisha kwa jirani, na jirani anayarudisha kwako.

Baada ya matope, sabuni kwanza, javeli baadaye. Watu wengi wanageuza. Javeli ikikutana na uchafu inapoteza nguvu kwa kupigana na uchafu wenyewe, na vijidudu vinabaki. Ukiwa na javeli ya 5%, weka kipimo kimoja kwenye vipimo 9 vya mayi kwa sakafu na kuta zilizopata mayi ya choo, acha dakika kumi hivi, halafu suuza. Javeli ya kwenye chupa zisizo na karatasi, zile za sokoni, hujui nguvu yake, kwa hiyo nunua ile inayoandika kiasi. Na usikubali mtu achanganye javeli na asidi ya kusafishia choo ili "ikuwe na nguvu". Inatoa gazi ya sumu. Nimeona mfanyakazi anatoka chooni anakohoa machozi, na wenzake wanacheka.

Tumefika mahali ambapo wengi wanalipa na kusindikiza watu mpaka barabarani. Kumbe hapa ndipo kazi inaanza.

Kwa mjomba wangu, huko Kampemba, mayi yalifika juu kidogo ya goti. Akaita kampuni moja ya mjini. Walikuja watu sita, wakafanya siku moja, wakamwaga dawa yenye harufu ya maua, wakafunga madirisha ili harufu "ishike", wakalipwa yote. Wiki ya tatu alipaka rangi ya mafuta sehemu ya chini ya kuta. Aprili rangi ikavimba kama ngozi iliyoungua, nyuma ya kabati kukawa keusi, na mtoto wake mdogo akawa anakohoa kila usiku. Wakati huo ndipo aliponiita. Akaniambia: "Mwipwa, miye nililipa harufu." Ilibidi alipe masoni kubomoa krepisaji yote ya chini, na kungojea kiangazi ndipo apake tena. Kazi ya pili ilimgharimu kuliko ya kwanza.

Eleza hivi: matofali yetu mengi yanatoka kwenye udongo wa kichuguu, udongo wenye ufinyanzi mwingi. Tofali hilo likichomwa linabaki na vitundu vidogo sana, na vitundu hivyo vinavuta mayi juu kama utambi unavyovuta petroli ya taa. Mayi yakifika sentimita 30, unyevu hauishii hapo. Unapanda juu ya alama unayoiona. Krepisaji ya sima inaufungia ndani. Rangi ya mafuta inaufungia kabisa. Ndani ya giza hilo, nyuma ya kabati na chini ya kapeti, ukungu unaweza kuanza katika saa 24 hadi 48. Harufu ya maua haiuoni.

Kinachokausha ukuta ni hewa kavu inayopita, na shida yetu ni kwamba mafuriko yanakuja wakati ule ule hewa yetu imelowa. Kufungua madirisha wakati mvua inanyesha hakukaushi kitu. Unaingiza unyevu mwingine. Fungua jua likitoka, hata kwa saa tatu, pande mbili ili upepo upite. Funga mvua ikirudi. Vantilateri moja iliyogeuzwa kusukuma hewa nje ya dirisha inasaidia kuliko mbili zinazozungusha hewa ile ile ndani, kama delestaji inaturuhusu. Sogeza makabati na vitanda mbali na ukuta. Mahali krepisaji inalia kama kitu chenye uwazi ukiigonga, ibomolewe, tofali lipumue. Na tafadhali, mbabula ya makala ndani ya chumba kilichofungwa "ili ikaukishe" ni hatari kuliko ukungu. Gazi yake ni ile ile ya motopompi, na inakukuta umelala.

Utajuaje kwamba umekauka? Kifaa cha kupimia ni cha bei, lakini kuna njia ya plastiki. Chukua kipande cha plastiki kinachoonyesha ndani, sentimita 50 kwa 50, kibandike ukutani na skochi pande zote nne, hewa isiingie. Rudi kesho. Ukiona matone au ukuta umekuwa mweusi chini ya plastiki, unyevu bado unatoka. Bandika vitatu: kimoja karibu na sakafu, kimoja kwenye alama ya mayi, na kimoja juu sana ambako mayi hayakufika. Hicho cha juu ndicho cha kulinganisha nacho, kama kiwanja cha ushahidi katika majaribio ya shambani. Bila hicho unaweza kulaumu ukuta kwa unyevu wa hewa tu. Ni akili ile ile ya wakulima wanaoweka mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, wakatikisa: chumvi ikishika kwenye chupa, mahindi bado hayafai kuwekwa. Ukuta wa tofali unahesabiwa kwa wiki, na ukiwa mnene kwa miezi. Anayekuahidi siku tatu kwa Januari anasema uongo, ama hajui.

Kwa hiyo mkataba uandikwe. Ukurasa mmoja unatosha, kwa lugha mnayoelewana, na sahihi mbili. Mimi naandika kazi kwa hatua na feza kwa hatua. Sehemu ya kwanza wanapoanza, ya esansi na vifaa. Sehemu kubwa wakimaliza matope na kuosha, na unakagua wewe mwenyewe na tochi: nyuma ya milango, chini ya ngazi, ndani ya masanduku ya umeme. Kisha sehemu ya tano ya bei nzima inabaki mkononi mwako. Wanarudi mara moja kila wiki kuangalia, kubomoa pale panapohitajika, na feza hiyo wanaipata siku plastiki ya chini inapofanana na ya juu. Watalalamika, wengine watakataa. Anayekataa kabisa kurudi amekuambia tayari kwamba yeye anauza usafi wa siku moja, na unaweza kumchukua kwa matope tu, kwa bei ya matope. Ukilipa kwa M-Pesa au Airtel Money, hifadhi ujumbe. Ukilipa mkononi, dai risiti.

Kuna vitu ambavyo hakuna msafishaji atakayeviokoa, na afadhali umwambie mama wa nyumba mapema kuliko kumlipisha mtu ajaribu. Matelasi ya sponji iliyokunywa mayi ya choo haisafishiki, hata ukiianika wiki mbili kwenye malata. Najua inauma, najua bei yake. Bunga iliyolowa itupwe. Mahindi yaliyolowa na kuota ukungu yasiliwe na watu, wala yasipewe kuku, juu sumu ya ukungu ule haiishi kwa kupikwa. Viti vya mbao na vya chuma, masahani, nguo: hivyo vinaoshwa vizuri.

Kisima kikifunikwa, kisitumike mpaka kitolewe mayi, kitiwe klorini na kipimwe. Fosi septiki nayo usiharakishe kuinyonya yote wakati ardhi bado imejaa: fosi tupu ndani ya udongo ulioshiba inaweza kusukumwa juu au kupasuka. Mwenye gari atakubali kuja leo leo, ndiyo biashara yake. Mwambie apunguze tu, arudi udongo ukishuka.

Wengi wetu ni wapangaji, kwa hiyo neno kwa hilo. Kabla ya koleo la kwanza kuingia, piga picha kila chumba, na alama ya mayi ionekane kando ya kitu kinachojulikana kimo, mlango kwa mfano. Mtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo. Kutoa matope ya vitu vyako ni juu yako. Kuta, krepisaji, fosi na umeme ni nyumba yake. Mkubaliane kwa maandishi nani analipa nini, na kama kitakatwa kwenye kodi ya miezi inayokuja, kiandikwe ni kiasi gani. Wamiliki wengi wanakubali wakiona picha siku ya kwanza. Mwezi wa tatu, ukuta ukiwa umepakwa rangi mpya, hakuna anayekumbuka mayi yalifika wapi.